Kumpisha Mkwe

Kikohozi cha Kirimi kilisikika langoni saa sita na dakika chache, mchana ambao hakuna aliyemtarajia. Virginia alikuwa amemsimamisha mjukuu wake juu ya meza, anamvalisha suruali baada ya kumwosha. Mguu mmoja ulikuwa umeingia, wa pili bado. Aliposikia kikohozi, mikono yake iliachia suruali bila kuambiwa. Alimketisha mtoto katikati ya meza, akamwambia baba anakuja, akavuta leso yake kitini na kutokea mlango wa nyuma.

Hakuwa na shaka kwamba amefanya sawa. Kule Kiambere alikolelewa, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si uadui, ni heshima, na Virginia aliishika kama alivyoishika Jumapili. Alikuwa amekuja Makutano, mjini Meru, kumlea mtoto wakati binti yake, Mukami, yuko Embu kwenye masomo ya ualimu wa chekechea, yale ya wakati wa likizo. Kwa wiki mbili yeye na Kirimi walikuwa wamejipangia utaratibu wao bila kuuzungumza. Virginia alilala kwa jirani, Karwirwa, kwenye ploti hiyohiyo. Asubuhi alingoja Kirimi aende kazini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikopakia simenti, ndipo aingie. Jioni Kirimi alikohoa langoni, naye akatoka.

"Nyinyi wawili mko kama askari wa zamu," Karwirwa alimtania. "Siku moja mtapigiana saluti."

Kutoka langoni hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili. Huo ndio muda ambao mtoto hubaki peke yake, na jioni huwa yuko chini mkekani, au amelala. Lakini mchana huo hatua hazikuwa kumi na mbili. Kirimi alikuwa amerudi kuchukua kitambulisho alichokisahau, na pale langoni akakutana na Gichovi, dereva wa tuktuk, wakasimama kuzungumza. Virginia, akiwa nyuma ya nyumba karibu na mfereji, aliwasikia wakicheka. Kisha akasikia kitu kikigonga sakafu. Ulikuwa mshindo mmoja, mfupi.

Alirudi ndani mbio. Mtoto alikuwa kwenye sakafu ya simiti, amelalia ubavu, kinywa wazi bila sauti. Halafu sauti ikaja. Virginia alimbeba, akamfuta machozi, akampapasa kichwa kizima kwa vidole. Damu hakuna. Kule nje mazungumzo yalikuwa yameisha na viatu vilikuwa vinakaribia. Akamlaza mtoto kitandani, akatoka tena kwa mlango wa nyuma, na Kirimi akaingia kwa ule wa mbele.

"Unalilia nini, mzee?" alimsikia akiuliza. "Nani amekuvalisha mguu mmoja?"

Mtoto aliitwa Marete, jina la baba yake Kirimi, na kwa sababu hiyo ploti nzima ilimwita mzee, ijapokuwa alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Virginia alisimama nje, mgongo ukutani, akingoja kilio kiishe. Kiliisha. Kirimi alimvalisha mguu wa pili, akachukua kitambulisho chake, akakohoa kumjulisha mkwewe kwamba sasa anatoka.

Alasiri hiyo mtoto alicheza na vifuniko vya sufuria kama kawaida. Alikula viazi vilivyopondwa, nusu bakuli. Virginia alimfuata kwa macho kila alikokwenda, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo moyo wake ulivyotulia. Kwake Kiambere alikuwa amelea watoto watano, na wote walianguka, kwenye mchanga, kutoka mgongoni mwa mbuzi, kutoka kwenye punda. Watoto huanguka. Alipompapasa tena, nyuma ya sikio la kulia, aliona pamekuwa laini kidogo, kama embe lililoiva upande mmoja. Akamvika kofia ya sufu. Alijiambia ni kwa ajili ya baridi ya Meru, na baridi ilikuwepo kweli.

Mukami alipiga simu kabla ya giza kuingia. Alikuwa amemaliza karatasi mbili za mtihani, zilibaki tatu. Aliuliza habari za mtoto, na Virginia akasema yuko sawa, amekula. Maneno hayo yalikuwa kweli yote mawili. Baadaye aliyakumbuka mara nyingi zaidi kuliko uongo wowote aliowahi kusema maishani.

Kirimi naye alikohoa langoni saa yake ya jioni. Virginia alifika mlango wa nyuma, akageuka, akatazama mkeka ambapo mtoto alikuwa ameketi. Alifikiri amngoje, aseme kwa mbali, hata kwa kupitia dirishani. Lakini angeanza vipi? Mambo yote aliyowahi kumwambia yule kijana yalipitia kwa Mukami au kwa Karwirwa. Hata chumvi ilipokwisha, alimpigia Mukami Embu, na Mukami akampigia Kirimi aliyekuwa umbali wa barabara moja. Akatoka.

*

Asubuhi ya Jumatano Kirimi hakuondoka. Karwirwa alikwenda kuona kuna nini, akarudi na habari kwamba mzee ametapika mara tatu na baba yake anampeleka duka la dawa. Virginia aliketi kwenye kitanda cha Karwirwa, leso mapajani, akiikunja na kuikunjua.

Muuzaji wa dawa aliuliza maswali yake na Kirimi akayajibu alivyojua. Mtoto alikuwa Kiambere kwa bibi yake mwezi uliopita, karibu na bwawa, na huko mbu ni wengi. Alipewa dawa ya maji ya kuzuia kutapika, akaambiwa akiona hali ile ile hadi mchana, asingoje, aende hospitali apimwe malaria. Kirimi alirudi akamnywesha. Mtoto akalala.

Kufika saa sita alikuwa bado amelala. Kirimi alimwita jina, akamtekenya nyayo, akamlowesha uso kwa maji. Mtoto alifungua macho nusu, akayafumba. Ndipo Kirimi akatoka nje akiwa amembeba begani na kumwita Gichovi alete tuktuk.

Virginia aliona yote hayo kupitia pazia la Karwirwa. Kwenye tuktuk kulikuwa na nafasi ya watu watatu nyuma, lakini haikuwa nafasi yake. Magoti yake na ya mkwewe yangegusana njia nzima. Tuktuk ilipoondoka alijifunga leso, akamwambia Karwirwa wafuate kwa miguu. Walikwenda karibu kukimbia, wanawake wawili wenye viatu vya mpira, wakikatiza katikati ya malori yaliyokuwa yakishusha mizigo. Njiani, bila kupunguza mwendo, Virginia alisema lile neno kwa mara ya kwanza. Alilisema lote: meza, kikohozi, simiti, kofia.

Karwirwa alisimama.

"Jana?"

"Jana saa sita."

"Na baba yake hajui?"

"Wewe utamwambia. Umezoea kumpelekea maneno yangu."

Karwirwa hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Alikuwa mjane, aliuza uji na chapati kwa wapakiaji, na mdomo wake ulijulikana hadi stendi. Lakini hapo alisogea kwanza, akapisha lori moja.

"Ya maziwa nilikuwa nabeba," alisema. "Ya sabuni nilibeba. Hii siwezi, mama Mukami. Nikiibeba nitaiharibu njiani. Ataniuliza swali moja tu na mimi sikuwa pale."

*

Waliwakuta hospitalini, kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa. Mlango ulikuwa wazi na benchi lilikuwa nje kwenye ukumbi. Virginia aliketi upande ambao hangeweza kumwona Kirimi wala Kirimi kumwona, ila aliona miguu na mikono ya mtoto ikining'inia, soksi moja imeshuka. Tabibu alikuwa msichana aliyeitwa Kinya, jina lake liliandikwa kifuani. Aliuliza taratibu huku akiandika. Ametapika mara ngapi. Anaharisha? Ana joto? Amesafiri?

"Ameanguka mahali? Amegonga kichwa?"

"Hapana," Kirimi alisema. "Huyu hajaanguka. Ni hii malaria ya Kiambere."

Kinya akaandika. Akasema basi watoe damu kwanza, majibu yatachukua kama nusu saa, na baada ya hapo atamchunguza tena.

Karwirwa alimtazama Virginia, halafu akatazama sakafu. Virginia alitoa simu yake ndogo na kumpigia Mukami. Sauti ya kike ikamwambia kwamba simu ya mteja imezimwa. Alijua imezimwa, saa hiyo Mukami alikuwa kwenye chumba cha mtihani na simu zote ziko mezani kwa msimamizi. Alipiga tena hata hivyo. Kama Mukami angepokea, yeye angemwambia Mukami, Mukami angempigia Kirimi, na Kirimi angemwambia daktari, na neno lingefika kwa njia yake ya kawaida. Alikuwa akiwaza hivyo alipoona mkono wa kushoto wa mtoto. Muuguzi alikuwa anachoma kidole cha mkono wa kulia, na ule wa kulia ulijivuta kwa maumivu. Wa kushoto ulilala tu, kama wa mwanasesere.

Akainuka.

Kirimi alimwona akiingia na mara moja akasimama, mtoto begani, macho chini, akasogea apite upande wa ukuta ili amwachie chumba. Hivyo ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya.

"Usitoke, baba Marete," Virginia alisema. Kisha akamgeukia Kinya, kwa sababu upande huo ulikuwa rahisi kidogo. "Daktari, mtoto alianguka. Jana saa sita. Nilimuacha juu ya meza mimi, nikatoka nje."

Kalamu ya Kinya ilisimama. Aliuliza meza ina urefu gani, na Virginia akaweka kiganja kiunoni pake. Aliuliza sakafu ni ya nini. Aliuliza kama mtoto alilia mara moja au alizimia kwanza, na Virginia akasema alinyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu akalia. Aliuliza jana jioni alikuwaje. Hakuuliza kwa nini alimwacha mezani, na kwa hilo Virginia alimshukuru kimoyomoyo miaka iliyofuata. Alimvua mtoto kofia, akapapasa nyuma ya sikio, akammulika jicho moja, la pili, akarudi la kwanza. Kisha akafungua mlango wa ndani na kuita watu wawili kwa majina, kwa sauti ya chini sana, na wote wawili walikuja wakikimbia.

Hapo ndipo Kirimi alipomtazama mama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake.

"Jana yote ulijua?" aliuliza.

"Jana yote."

Kitanda cha magurudumu kilikuwa kinaondoka. Kirimi akakifuata.

*

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Daktari wa upasuaji, mzee wa miwani ambaye alizungumza kana kwamba ana siku nzima, aliwaonyesha kwenye kioo cha kompyuta: huu weupe ni mfupa, huu ni ubongo, na hiki hapa, chenye umbo la kipande cha chungwa, ni damu iliyokusanyika kati ya mfupa na ubongo. Fuvu la mtoto mdogo bado ni laini, alisema. Mshipa mdogo ukipasuka, damu huvuja polepole, na kwa saa kadhaa mtoto anaweza kucheza na kula kama asiye na kitu. Kisha nafasi inakwisha, ubongo unaanza kubanwa. Damu ilikuwa upande wa kulia, ndiyo maana mkono uliolegea ni wa kushoto. Wangefungua sehemu ndogo ya mfupa na kuitoa, leo hii, sasa hivi.

"Mmesema kwa wakati," alisema. "Sisemi mmesema mapema. Nimesema kwa wakati."

Kirimi alitia sahihi. Vidole vyake viliacha vumbi la simenti kwenye karatasi, na karani akaipuliza kabla ya kuiweka kwenye faili. Dirisha la malipo likawa na neno lake pia: bima yake ilikuwa haijalipwa tangu mwaka uanze, na msichana wa pale aliuliza sababu kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia. Kirimi hakuwa na sababu. Alimpigia mwenye duka, akazungumza akiwa ameelekea ukutani, na baada ya muda simu ikalia mlio wa pesa kuingia. Virginia alikuwa na elfu mbili zilizofungwa kwenye pindo la leso. Alizifungua na kumpa Karwirwa, Karwirwa akampa Kirimi, naye akazipokea bila kuuliza zimetoka wapi.

Karwirwa akaondoka kwenda kuzima jiko lake. Wakabaki wawili, kwenye benchi moja la chuma lililofungwa sakafuni, yeye mwisho huu, mkwewe mwisho ule. Hakukuwa na benchi jingine, wala mlango wa nyuma.

Mwanamke mmoja alikuja kufagia chini ya miguu yao, wakainua miguu kwa pamoja, wakaishusha.

"Nimekasirika, mama," Kirimi alisema mwishowe, akiutazama mlango wa chumba cha upasuaji. "Sitaki kukudanganya."

"Kasirika. Sikukatazi."

"Duka la dawa nilisema hajaanguka. Hapa nikasema hajaanguka. Nilisema kama mtu anayejua."

Kirimi alisugua viganja magotini, na simenti iliyokauka ikadondoka.

"Gichovi alikuwa ananionyesha tairi," alisema. "Nilikohoa halafu nikasimama kuangalia tairi. Nilijua ukisikia utatoka. Nilijua mtoto amebaki. Tairi lenyewe halina hata tatizo."

"Usichukue langu, baba Marete."

"Sichukui lako. Langu ndiyo naweka hapa."

Saa kumi na robo Virginia alipiga simu tena na safari hii Mukami akapokea, akiwa ametoka tu kwenye mtihani, sauti yake bado changamfu. Kirimi alinyosha mkono kutaka kuzungumza yeye. Virginia akatikisa kichwa. Alisimulia tangu mwanzo, kwa Kimbeere, bila kuruka meza wala kofia.

"Baba Marete ulimwambia wewe?" Mukami aliuliza.

"Nilimwambia."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu. Tuko naye hapa. Tumeketi."

Ni hapo Mukami alipoanza kulia. Neno damu na neno upasuaji alikuwa ameyasikia, lakini alimfahamu mama yake. Aliposikia wameketi benchi moja, ndipo alipoelewa ukubwa wa jambo. Alisema anakuja. Mama yake akamkumbusha karatasi iliyobaki ya kesho, ingawa hata yeye mwenyewe aliona ni upuuzi alipokuwa akisema, na simu ikakatika.

Mlango ulifunguliwa kabla ya saa kumi na mbili. Daktari alikuwa ameinua miwani kwenye paji la uso. Damu imetoka, alisema, na ubongo umejaza nafasi yake vizuri. Mtoto atalala hadi kesho kwa dawa. Kuhusu ule mkono na mguu wa kushoto, hangeahidi. Watoto wadogo hupona haraka kuliko wakubwa, lakini wangengoja waone.

*

Mtoto alifungua macho Alhamisi asubuhi, akamwona mama yake, akasema "maji." Mukami alikuwa amefika kwa gari la jioni akiwa bado na kadi ya mtihani shingoni. Karatasi ya mwisho ilimpita; angeirudia mwezi wa Desemba. Siku hiyo nzima na iliyofuata hakumwambia mama yake neno lisilohusu maziwa au nepi. Siku ya tatu alimletea chai, akaketi kando yake, akalaza kichwa begani pake kama aliyechoka kubeba kitu. Hawakulizungumza. Virginia alikunywa chai ikiwa moto.

Alikuwa ameitwa pia kwenye ofisi ndogo mwisho wa ukumbi. Afisa wa ustawi wa jamii alieleza kwamba mtoto mdogo akiumia kichwa ni lazima waulize, si kwa ubaya. Aliuliza kama kuna mtu humpiga mtoto. Aliuliza kama Virginia hunywa pombe. Aliuliza kama kuna ugomvi kati yake na baba wa mtoto. Virginia, mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mweka hazina wa akina mama kanisani, alijibu hapana, hapana, hapana, mikono magotini, akihisi uso unawaka. Lakini hakumchukia yule afisa. Alifikiri kwamba kama angekuwa upande wa pili wa meza, angeuliza hayohayo.

"Sasa cucu, nisaidie hapa," afisa alisema, akimwita bibi kwa lugha ya huko. "Baba alikuwa anaingia. Kwa nini hukungoja aingie umpe mtoto?"

"Ni mkwe wangu."

Afisa aliweka kalamu chini. Alikuwa wa sehemu hizo, hakuhitaji kuelezwa. Alitazama nje ya dirisha kidogo, na uso wake ukawa wa mtu anayemkumbuka mama yake mwenyewe.

"Mtoto atatoka hapa akihitaji kuangaliwa kila saa," alisema. "Mama yake yuko shule, baba yuko kazini, wewe uko na yeye. Mtafanyaje?"

Virginia alikuwa amelifikiria swali hilo usiku na mchana, kwa hiyo hakuchelewa.

"Nitampeana mkononi."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwa baba yake."

"Hiyo naiandika," afisa alisema, na akaiandika.

*

Mkono ulirudi kwanza. Siku ya tano mtoto alishika kijiko kwa kushoto na kukitupa, na wodi nzima ikacheka. Mguu ulichelewa. Aliposimamishwa uliinama kwenye goti, na akiuburuta ulikwenda kama umevaa kiatu cha mtu mkubwa. Siku ya tisa akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Tabby, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akatandika mkeka mwembamba ukumbini. Mukami alikuwa amekwenda kufua. Tabby akaangalia waliokuwepo.

"Cucu, keti pale. Baba, wewe keti huku. Miguu wazi. Mtazamane."

Virginia aliketi, akafunika magoti kwa leso. Kirimi aliketi mwisho wa pili, hatua tano hivi. Virginia alitazama ndoo iliyokuwa karibu na ukuta. Kirimi alitazama ukuta wenyewe. Tabby alimsimamisha mtoto mbele ya bibi yake na kumwachilia, na mtoto, baada ya kufikiri, akachukua hatua mbili kuelekea kwenye ndoo.

"Nimesema nini?" Tabby aliuliza. "Mtoto hufuata macho. Ukitazama ndoo, ataenda kwa ndoo. Mtazamane ninyi wawili, yeye apite katikati."

Mgonjwa mmoja kwenye kitanda cha mlangoni alicheka. Virginia alimsimamisha mjukuu wake upya, akamshika kiunoni mpaka mguu wa kushoto ukajipanga. Kisha akainua macho, juu ya kile kichwa kidogo kilichofungwa bandeji, akamtazama Kirimi. Alikuwa amekonda kwa siku tisa. Alikuwa na alama ya zamani kwenye nyusi ambayo Virginia hakuwahi kujua ipo.

"Mzee, kuja," Kirimi alisema. "Kuja, kuja, kuja hapa, mzee, kuja."

Mtoto alichukua hatua tatu, akasita, akaketi kwa makalio.

"Usimuite mara nyingi hivyo, unamchanganya," Virginia alisema. "Muite mara moja, halafu umngoje."

Karwirwa, aliyekuwa ameingia na chupa ya uji, alisimama palepale alipo. Kirimi alifuta mdomo kwa kiganja.

"Sawa, mama," alisema.

Virginia alimrudisha mtoto mwanzo. Kirimi akamwita mara moja, akanyamaza, akangoja na mikono yake mbele. Mguu wa kulia ulitangulia. Wa kushoto ulijikokota, ukakwaruza mkeka, ukafika. Wa kulia. Wa kushoto. Katikati ya njia mtoto alisimama akayumba, na mikono minne ikanyooka kutoka pande mbili, ila hakuna aliyemgusa. Akaendelea. Alipofika alimwangukia baba yake kifuani na kicheko.

"Vizuri," Tabby alisema. "Sasa arudi."

Kirimi alimgeuza mtoto, akamshika chini ya kwapa, akamnong'oneza aende kwa cucu. Mtoto alikuwa tayari, alitaka kuondoka mara moja. Kirimi hakumwachilia. Alimtazama Virginia, akangoja mpaka alipoona mikono ya mkwewe imefunguka, ndipo akaondoa yake.